«Iyo ni montaji»: historia ya kukata filimu kwa pesa kidogo, toka Vugiri mpaka Mambasa



Kwetu Mambasa neno «montaji» limekuwa karibu tusi. Mtu anatuma vidiyo katika kundi ya WhatsApp, dakika mbili hazijapita, mwingine anajibu: «Iyo ni montaji.» Anataka kusema ni uongo, mtu amechukua picha za fasi ingine, ameziunganisha, anasema ni Komanda ao Biakato. Na mara nyingi anayejibu hivyo iko na haki. Toka 2020 mtu yeyote mwenye telefone ndogo ya Tecno ao Itel anaweza kuingiza CapCut bila kulipa hata franka moja, akakata, akaunganisha, akaweka muziki na maandishi, na kazi ikatoka safi kama ya televisheni. Miaka 35 iliyopita kazi hiyo ilidai chumba kizima cha mashini na pesa ya kununua nyumba kadhaa. Leo inafanyika chini ya muembe, mtu akingojea mvua ipite.

Sisi tulisomea mashamba, si sinema. Lakini wengi wetu sasa tunaombwa vidiyo. Mradi unataka vidiyo, koperative ya kakao inataka vidiyo, kanisa nayo inataka. Na swali letu ni moja tu: programu gani ni nzuri? Mimi naona hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: namna gani vidiyo inayokatwa vizuri zaidi inaaminiwa kidogo zaidi? Jibu liko katika historia, na historia hiyo ilianza katika inchi za Kiswahili mapema kuliko tunavyofikiri.

Turudi Tanganyika, mwaka 1935. Kulikuwa na Meja mmoja Mwingereza, L. A. Notcutt, aliyekuwa msimamizi wa shamba la mkonge. Huko shambani alikuwa amekwisha kujaribu kuwaonyesha wafanyakazi sinema. Mwaka huo akapewa kazi kubwa zaidi, akiwa pamoja na G. C. Latham ambaye alikuwa ameongoza elimu Rhodesia ya Kaskazini. Mradi uliitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Ulisimamiwa na International Missionary Council, pesa nyingi zikatoka Carnegie Corporation ya Marekani, na makao yakawa Vugiri, katika milima ya Usambara. Mpaka 1937 walitengeneza filimu karibu 35. Agronomo mwenzangu, sikiliza vichwa vyake: moja ilihusu mmomonyoko wa udongo, moja uuzaji wa kahawa, nyingine minyoo ya safura, nyingine kuweka akiba posta. Ukibadilisha kahawa kwa kakao, ni orodha ya miradi ya leo kabisa.

Kinachotuhusu hapa ni vyombo vyao. Sinema ya kweli wakati ule ilikuwa ya milimita 35, na bei yake ilikuwa ya kutisha. Watu wa Vugiri wakachagua milimita 16, filimu ambayo Kodak ilikuwa imeitoa 1923 kwa ajili ya watu wa kujifurahisha nyumbani. Ilikuwa ni kusema: chombo cha starehe, cha bei ndogo, kinaweza kufanya kazi ya maana. Wazo lilelile la CapCut, tofauti ni miaka 85 tu.

Picha zilikubali. Sauti njo ilikataa. Kuweka sauti juu ya filimu yenyewe kulikuwa ghali, basi wao waliandika sauti kwenye sahani za gramofoni, wakazipiga pembeni wakati filimu inazunguka. Faida ilikuwa kubwa: picha ileile inaweza kupewa Kiswahili, Kikikuyu, Kijaluo, Kiganda, Kinyanja ao Kibemba, unabadilisha sahani tu. Lakini sahani na filimu ni mashini mbili. Moja ikichelewa kidogo, maneno yanaachana na picha, mtu anafunga mdomo na sauti inaendelea. Walizunguka na gari lao Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland mpaka Rhodesia ya Kaskazini, na sauti ikabaki ugonjwa wao. Serikali za makoloni hazikutaka kuendelea kulipa, mradi ukafungwa 1937. Kumbuka hilo la sauti, tutarudia.

Kisha, 1939, Waingereza wakaanzisha Colonial Film Unit, na mtu aliyeiongoza, William Sellers, aliyekuwa amefanya kazi ya afya Nigeria, akaja na fundisho lake juu ya namna ya kukatia Waafrika filimu. Kwa kifupi: usikate haraka, usirukeruke toka fasi moja mpaka ingine, usitumie ujanja wa kamera, piga picha ndefu na polepole, juu Mwafrika wa kijijini hajui kusoma picha. Atachanganyikiwa, alisema. Fundisho hilo lilitawala kazi yao kwa miaka mingi, ingawa hata Wazungu wengine walilipinga. Upande wetu wa Kongo ya Wabelgiji, mapadri nao walishika kamera. Padri Van Haelst wa Scheut alitengeneza huko Kasai vichekesho vya Matamata na Pilipili, na watu walicheka vizuri sana bila kuchanganyikiwa na kitu.

Mimi fundisho la Sellers linanikasirisha, na bado nitasema mbele kwamba ushauri wake wa «usikate» una kazi leo katika Ituri. Paka sababu yake ndiyo imegeuka chini juu. Yeye alidhani hatuelewi montaji. Sisi tunaielewa mno, njo maana hatuiamini.

Bei ilianguka namna gani? Hapa nitapita haraka, juu ni mambo ya Marekani na yanajulikana. Mwaka 1989 kampuni ya Avid ilionyesha mashini ya kukata filimu kwa ordinatere badala ya mkasi na gundi, na gharama yake ilihesabiwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Desemba 1991 Adobe ikatoa Premiere, programu ya kuingiza mu ordinatere ya kawaida, ubora wake mwanzoni ukiwa mdogo sana. Mwaka 1995 ukaja mfumo wa DV, na kamera ndogo ikaanza kutoa picha ya kukubalika. Mwaka 1999 Apple ikauza Final Cut Pro dola 999, na mwaka uleule ikatoa iMovie, ya watu wa nyumbani. Mwaka 2000 Microsoft ikaweka Movie Maker ndani ya Windows bila malipo. Wengi wetu tuliiona hiyo kwanza, katika ordinatere za zamani za sekretariati za Bunia, kwa vidiyo ya harusi yenye mioyo inayozunguka.

Mfano wa DaVinci ndio unaonishangaza zaidi. Ilikuwa mashini ya kusahihisha rangi za filimu kubwa za Hollywood, bei yake mamia ya maelfu ya dola. Mwaka 2009 kampuni ya Australia, Blackmagic Design, ikainunua kampuni yake. 2010 wakauza programu yenyewe dola 995. 2011 wakatoa toleo la bure. Miaka miwili tu, toka bei ya nyumba mpaka bure! Kama bei ya mbolea ingeanguka hivyo, tungekuwa tunalisha Kinshasa.

Lakini kuna Mmarekani mmoja, Jonathan Caouette, ambaye hadithi yake inapaswa kusomwa na kila mtu anayesema «programu ya bure inatosha». Mwaka 2003 alitengeneza filimu juu ya maisha yake na mama yake, Tarnation, kwa iMovie. Ilisemwa duniani kote kwamba imegharimu dola 218. Ilionyeshwa Sundance 2004, kisha Cannes. Ni kweli. Lakini ili iweze kuingia katika majumba ya sinema, ilibidi kulipa haki za muziki na vipande vya watu wengine alivyokuwa ametumia, na kutengeneza nakala za sinema, na hapo gharama ikapanda mpaka karibu dola 400,000. Kukata kulikuwa dola 218. Muziki na kutoka nje ya nyumba ndio ulikuwa mzigo. Mdogo wangu unayeweka wimbo wa Fally Ipupa chini ya vidiyo ya mihogo, soma tena mistari hii.

Tuvuke mpaka sasa, twende Kampala, juu kesi kubwa ya Afrika Mashariki iko kule. Katika mtaa wa Wakaliga, Isaac Nabwana, aliyekuwa akifyatua matofali, alianzisha mwaka 2005 nyumba ya filimu inayoitwa Ramon Film Productions. Dunia inaiita Wakaliwood. Alijifunza ordinatere kidogo darasani, mengine akajifunza yeye mwenyewe. Mashini zake aliziunga kwa vipande vya zamani. Silaha za filimu zilitengenezwa kwa chuma cha taka, kitambaa cha kijani cha nyuma kikanunuliwa sokoni. Mwaka 2010 akapiga Who Killed Captain Alex?, filimu ya vita yenye helikopta zinazopiga mabomu juu ya Kampala, zote za ordinatere. Bei inayotajwa mara nyingi ni dola 200. Kipande cha matangazo kikaingia YouTube, mamilioni wakakiona, na Desemba 2011 Mmarekani Alan Hofmanis akafunga safari toka New York kwenda kumtafuta. Mwaka 2019 filimu nyingine ya Nabwana, Crazy World, ikaonyeshwa katika tamasha la Toronto.

Sasa, je, hiyo ni kazi ya kiwango cha watu wa kazi? Helikopta zile zinaonekana wazi ni za kuchora. Damu ni rangi. Hakuna mtu Wakaliga anayedanganywa, na Nabwana hataki kumdanganya mtu. Kinachoshika filimu ni ukataji wake wa haraka, unaofwata mapigo ya ngumi, na zaidi ya yote ni sauti ya VJ Emmie, anayezungumza juu ya filimu kutoka mwanzo mpaka mwisho, anacheka, anachochea, anasifu Uganda, anataja majina. Ni kazi ya zamani katika eneo letu. Katika vibanda vya vidiyo vya Kampala VJ alisimama na mikro, akafasiri filimu za Hong Kong na Hollywood kwa Kiganda. Dar es Salaam kulikuwa na Lufufu, aliyeweka Kiswahili chake juu ya filimu za kigeni na kanda zake kuuzwa. Watu walilipa ili kumsikia yeye kama vile walivyolipa kuona filimu. Watazamaji hao walifwata filimu za mapigano zinazokatwa kila sekunde mbili, na mtu anaongea juu yake kwa lugha ingine, na hawakupotea. Fundisho la Sellers lilikufa pale, kwenye benchi ya mbao, ingawa hakuna aliyelitolea tangazo la kifo.

Ona vilevile kwamba VJ ni sahani ya gramofoni ya Vugiri iliyopona. Tatizo la Notcutt lilikuwa sauti iliyojifanya inatoka mdomoni mwa mtu wa kwenye picha, ikachelewa. VJ hajifanyi. Anasimama pembeni, kila mtu anajua ni sauti ya pembeni, kwa hiyo hawezi kuchelewa. Kwa mtu mwenye vyombo dhaifu hilo ni somo kamili: kama huwezi kushika sauti ya mdomo vizuri, usiilazimishe. Acha mtu anayejulikana aeleze juu ya picha.

Na kuna jambo la huzuni katika Captain Alex. Filimu tunayoiona leo ni ile yenye sauti ya VJ tu. Ile ya kwanza, bila VJ, haipo tena. Mashini ilikuwa na nafasi ndogo, kazi mpya ikangoja, ya zamani ikafutwa. Filimu maarufu kuliko zote za Wakaliga ilifutwa na mwenyewe kwa kukosa fasi ya kuihifadhi. Programu ilikuwepo. Kilichokosekana ni diski.

Nikifika hapa ninaingia Ituri, na ninaomba kila mmoja asome bila kabila. Ninazungumzia kanda, sizungumzii jamii ya mtu.

Tarehe 12 Februari 2003 Thomas Lubanga, kiongozi wa UPC, alitembelea kambi ya mafunzo ya Rwampara, karibu na Bunia. Kamera ilikuwepo. Haikuwa kamera ya mashirika ya haki za binadamu, wala ya waandishi kutoka nje. Ilikuwa ya upande wa chama chenyewe, kwa kumbukumbu yao. Picha ni za kawaida kabisa: mkubwa anafika, anasema na waajiriwa, waajiriwa wanasikiliza. Kesi ilipofunguliwa La Haye tarehe 26 Januari 2009, waendesha mashitaka walionyesha vipande vyake. Na tarehe 14 Machi 2012, katika hukumu ya kwanza kabisa ya Korti ya Kimataifa ya Jinai, majaji walisema kwamba kati ya waajiriwa wa kanda ile kulikuwa watoto ambao macho tu yanatosha kuona hawajafika miaka 15. Tarehe 10 Julai mwaka ule akahukumiwa miaka 14.

Wengi wanajua hukumu. Wachache wanajua kilichoanguka katika kesi hiyohiyo. Vijana walioletwa kama waliokuwa askari watoto, ushuhuda wao majaji hawakuutegemea, juu watu wa katikati waliotumiwa kuwatafuta na kuwatayarisha walitiliwa shaka. Tuseme kwa lugha yetu: maneno ya watu yalionekana yameingiwa na montaji. Kanda ile, ambayo hakuna aliyeitengeneza ili kumshitaki mtu, ilisimama. Haikuwa nzuri kwa macho. Nguvu yake ilikuwa kwamba iliacha mambo yaendelee mbele ya kamera, na mtu wa miaka tisa baadaye akaweza kuangalia nyuso moja moja.

Kuhusu yaliyotupata sisi Mambasa, mwisho wa 2002 na mwanzo wa 2003, wakati wa operesheni iliyopewa jina «Effacer le tableau», wachunguzi wa MONUC walikuja kusikiliza watu, wakaandika. Ushuhuda wetu ni wa mdomo na wa karatasi. Mpaka leo ukizungumzia mambo yale mbele ya watu wasiotoka hapa, kuna mmoja atauliza: picha ziko wapi?

Leo picha ziko nyingi mpaka zimekuwa hatari. Tangu Mei 2021 tuko chini ya état de siège, watu wanakufa barabarani, na saa ileile vidiyo ya maiti za inchi ingine inazunguka na jina la kijiji cha jirani limeandikwa juu kwa herufi nyekundu, muziki wa huzuni chini. Imekatwa vizuri! Rangi nzuri, herufi nzuri. Kuna watu wamekimbia mashamba kwa vidiyo kama hizo, na kuna vijana wamechukua mapanga. Kwa hiyo mkulima anayesema «iyo ni montaji» si mjinga, wala si mtu wa zamani. Ni mtu anayejilinda. Na sisi tunaokuja na vidiyo ya kumfundisha kukata matawi ya kakao tunakuta mlango huo umefungwa tayari.

Wahindi walikutana na mlango unaofanana, ingawa bila vita. Mwaka 2006, katika maabara ya Microsoft huko Bangalore, Rikin Gandhi na wenzake walianza mradi wa Digital Green, ambao 2008 ukawa shirika la kujitegemea. Kamera za bei ndogo, walimaji wa kijiji wenyewe mbele ya kamera, kisha vidiyo inaonyeshwa jioni kwa kikundi, na mtu wa kijiji anaisimamisha, anauliza maswali, anaiendesha tena. Walipopima, kila dola iliyotumiwa ilileta matokeo mara 10 kuliko njia ya kawaida ya agronomo kuzunguka peke yake. Na Gandhi amesimulia mara nyingi kwamba swali la kwanza la watazamaji halikuwa juu ya mbegu ao dawa. Waliuliza: huyu mlimaji anaitwa nani, na ni wa kijiji gani?

Kwangu hilo swali linaeleza kila kitu. Ubora wa kikazi, kwa mtazamaji wetu, unaanza na jina na kijiji.

Basi nitasema namna gani historia hii yote inashuka mpaka kwenye shamba la kakao. Wazee wetu walikuwa watu wa kahawa robusta, mpaka trakeomikoze ilipokausha mashamba ya kaskazini-mashariki ya Kongo, na kakao ikashika fasi. Mtu aliyeona kahawa yake yote inakufa hataki kuambiwa mambo na vidiyo ya sekunde 30 yenye muziki. Ukitaka kumwonyesha namna ya kupambana na kuoza kwa matunda, ile pourriture brune, lazima aone tunda lenye doa la kahawia, mkono unaolikata, tunda linawekwa mu kitunga, kitunga kinatoka shambani, shimo linachimbwa. Piga hiyo bila kukata. Dakika mbili nzima, kamera inafwata. Programu yako iko na mabadiliko 200 ya kupendeza, usitumie hata moja hapo. Kila mkato ni fasi ambayo mtazamaji anaweza kusema: «Apo kati walibadilisha tunda.» Sellers angefurahi kuona picha ndefu vile, na angekosea sababu.

Kuna kazi ambazo haziwezi kupigwa bila kukata. Kuchachusha kakao ni siku tano, sita, saba. Hapo njo montaji ya kweli inahitajika, na ni lazima ikubali kwamba ni montaji. Sanduku moja, alama moja ya rangi juu ya ubao, kamera fasi ileile kila asubuhi, na mlimaji anasema kwa mdomo wake: leo siku ya tatu, tunageuza. Sanduku likibaki lilelile kwenye picha, mkato hauumizi mtu.

Sauti, tulisema tutairudia. Telefone ya bei ndogo leo inatoa picha ambayo Vugiri wasingeiota, lakini mikro yake inachukua upepo, nyenje wa pori, na grupu ya umeme ya jirani. Dawa ni ya bure: telefone ya pili, ikiandika sauti tu, katika mfuko wa shati la mlimaji. Anapiga makofi mara moja mbele ya kamera kabla ya kuanza, na pale kwenye CapCut ao Kdenlive unalinganisha kofi la picha na kofi la sauti. Watu wa sinema wana kibao chao kwa kazi hiyo. Sisi tuna mikono. Kabla ya kutoka shambani andika sauti ya shamba peke yake, nusu dakika, mtu asiseme. Utaiweka chini ya mikato, na masikio hayatasikia shimo. Kisha sikiliza yote kwa ekuteri, si kwa spika ya telefone. Na lugha: Kiswahili kinafika kwa wengi, lakini sauti ya Kibila, ya Kilese ao ya Kinande juu ya picha zilezile ni kazi ya saa moja, kama kubadilisha sahani.

Kuhusu programu zenyewe, kwa wanaotaka jibu: kama una telefone tu, CapCut inatosha, ondoa tu ile alama inayowekwa mwishoni. Kama una mashini ya zamani, Kdenlive ao Shotcut, zote za bure kabisa na haziibiwi, kwa hiyo hakuna haja ya zile Premiere za kunakili zinazoleta virusi. DaVinci ya bure ni ya ajabu lakini inataka mashini yenye nguvu, na mashini yenye nguvu inataka umeme, na umeme Mambasa ni pano za jua ao mafuta ya grupu. Mimi nahesabu betri kwanza, programu baadaye. Toa vidiyo kwa 720, si zaidi, juu itasafiri kwa kadi ya memori na kwa Xender toka mkono mpaka mkono, karibu hakuna atakayeiangalia kwa intaneti.

Kisha kuna picha mbichi, zile ndefu kabla ya kukata. Watu wengi wanazifuta siku vidiyo inapokwisha, ili kupata nafasi, kama vile Wakaliga. Lakini mlimaji wa Biakato akisema «iyo ni montaji», kitu pekee cha kumjibu ni kumwekea ile ndefu, na kumwacha aangalie. Baadhi ya sehemu hizi zitafutwa na vita, zingine na uchimbaji wa dhahabu, na picha mbichi ya shamba, yenye tarehe, jina la mwenye nalo na jirani zake wakipita nyuma, inaweza kuwa karatasi ya maana siku moja mbele ya chefu ao mbele ya korti. Katika mkutano wa mwisho tuliongea juu ya kununua diski moja ya ushirika na kuiacha kwa mtu mmoja Bunia, nakala ya pili ikibaki Mambasa. Bado haijanunuliwa. Kwa sasa picha za msimu uliopita ziko katika telefone za watu saba ao nane, na mbili za telefone hizo zimekwisha kuuzwa.